Mhuri wa Kampuni Iliyokufa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha kibandani, nimepiga magoti sakafuni, daftari la kazi limefunguka mbele yangu, nakodolea macho mahali ambapo ukurasa ulikuwa umechanwa.

Kwa aliyechelewa kuingia, nitamweleza haraka haraka ili twende pamoja. Mimi ni fundi wa mihuri. Kibanda changu kiko hatua ishirini kutoka lango la ofisi ya msajili wa makampuni, na mtu akitoka mle ndani na cheti chake kipya mkononi, mimi ndiye wa kwanza kumwita bosi.

Wiki mbili zilizopita mama yangu alikuta tangazo limebandikwa mlangoni kwake. Ahame ndani ya siku ishirini na moja, kwa kuwa nyumba na kiwanja ni mali ya kampuni iitwayo Tofali Tano. Aliyelibandika ni bwana mmoja tuliyempachika jina la Tai, maana havui tai shingoni hata jua likiwa la utosini. Mama aliapa kwamba hamjui. Chini ya tangazo palikuwa na mhuri wa duara, na mhuri ule niliutengeneza mimi, kwa mikono yangu hii.

Nilijuaje? Kila mhuri unaotoka kwangu naukata kidogo kwenye duara la nje, upande wa kulia, pale ambapo mshale wa saa huonyesha saa tisa. Mkato mdogo, huuoni mpaka uambiwe. Wanaoujua ni mimi na mke wangu tu. Nao ulikuwepo kwenye tangazo la Tai, nilipolitazama vizuri siku ya kumi.

Nikakimbilia daftari nione ni nani aliyeuagiza. Ukurasa haupo. Na ufunguo wa pili wa kibanda anao mtu mmoja tu duniani.

Mke wangu.

Mtu mwenye akili zake angemwuliza. Mimi sikumwuliza. Nilianza kumchunguza.

Kwa siku tatu nilijifanya sina habari huku nimetega masikio. Niligundua mambo mengi, na kila nililogundua lilinizidishia wasiwasi. Mkoba wake ulikuwa ukikaa mezani, sasa unakaa chumbani. Simu yake ikilia, anaitazama kwanza, ndipo anatoka nayo uani. Halafu nikakumbuka kwamba siku Tai alipokuja na watu wake kupima kiwanja cha mama kwa futi kamba, mke wangu alisema, "Lakini shati lake limepigwa pasi vizuri."

Nani anatazama pasi ya shati la mtu anayekuja kumhamisha mama mkwe wake?

Siku ya nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku saba, tulikaa mezani kunywa chai.

"Mbona hunywi?" aliniuliza.

"Nakunywa."

"Unaikodolea macho tu hiyo chai."

"Ufunguo wako wa kibanda uko wapi?"

Kikombe chake kilisimama njiani. Kidogo tu, lakini nilikiona.

"Kwenye mkoba. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Wewe tangu unioe hujawahi kuuliza kitu ukawa unauliza tu," alisema. "Sema lililo moyoni."

Simu yake ikalia. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Nani huyo?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama yako. Nitampigia baadaye."

Nilicheka kicheko kikavu. Mama yangu ampigie yeye asubuhi yote hii kuongea nini, wakati mwanawe niko hapa? Uongo wa wazi, tena mbele ya chai yangu. Nikavuta shati nikatoka. Mlangoni nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu watoto wangu wanalisoma gazeti hili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane kumtamkia neno kama lile. Alibaki ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Kibandani nilimkuta mteja ananisubiri. Mwanamke wa makamo, amevaa nadhifu, ana mwavuli wa buluu ingawa hapakuwa na dalili ya mvua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Unataka mhuri wa nini?"

"Wa kampuni ya zamani," alisema.

"Umekuja na karatasi yoyote yenye jina?"

"Karatasi sina. Nina muda." Akanitazama usoni kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. "Nenda ulikokuwa unakwenda, mwanangu. Nitasubiri."

Kweli nilikuwa nakwenda. Nilimpa kigoda, nikamwomba aniangalizie kibanda, nikavuka kuelekea lango la msajili. Wateja wa ajabu hawakosekani kwenye kazi hii, na siku hiyo kichwa changu hakikuwa na nafasi ya mwingine.

Mama yangu alikuwa tayari langoni, ameegemea fimbo yake. Magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi.

"Mwanangu," alianza kabla hata sijamwamkia, "hivi ni lazima tuingie humu? Tungemtafuta mwanasheria tu."

"Mama, mwanasheria ataniuliza kitu kilekile. Kampuni inayotufukuza ni ipi? Nani mwenye nayo? Jibu liko humu ndani."

"Jibu likishatoka halirudi."

"Una maana gani?"

"Sina maana. Magoti yananiuma. Mimi nitakaa hapo kwenye benchi, wewe ingia."

Nilimkalisha kwenye benchi la nje. Nakiri kwamba nilimwonea huruma tu, wala sikushtuka. Mashaka yangu yote nilikuwa nimeyamalizia kwa mke wangu, hayakubaki ya kumpa mama.

Dirisha namba tatu anakaa karani tunayemwita Mama Miwani. Ana jozi mbili za miwani, moja ya kusoma na moja ya kuwatazamia waongo. Tunafahamiana. Wateja wake ndio wateja wangu.

"Fundi, leo umeingia kwa mlango wa wateja," alinitania. "Unasajili kampuni?"

"Naitafuta moja. Tofali Tano."

Akaandika kwenye kompyuta. Ikafikiri, ikatoa mistari mitatu.

"Ziko tatu," alisema.

"Tatu? Jina moja?"

"Jina moja. Ndiyo maana mtu akija hapa na jina tu, tunamrudisha nyumbani. Una namba?"

"Tusome kwanza hizo tatu."

Akavaa miwani ya kusomea. "Ya kwanza si kampuni, ni jina la biashara tu. Mtu mmoja, ana duka la rangi, mji mwingine kabisa. Huyu mwache na rangi zake. Ya pili ni kampuni. Namba 4172. Ilisajiliwa miaka ishirini na minne iliyopita, ikafutwa miaka tisa iliyopita kwa kutoleta taarifa zake za kila mwaka. Hii imekufa. Ya tatu ni kampuni pia, namba 90356. Imesajiliwa miezi mitano iliyopita. Hii iko hai. Mkurugenzi ni mmoja."

Akataja jina. Lilikuwa la Tai.

"Inawezekanaje jina la iliyokufa lichukuliwe tena?"

"Ikifutwa, na muda ukipita, jina linakuwa wazi. Yeyote anaweza kulivaa. Ila namba haivaliwi na wawili. Huyu anayekufukuza ametumia namba gani?"

Nilitoa lile tangazo mfukoni, nikalinyoosha juu ya meza yake. Maandishi yote ya juu hayakuwa na namba. Namba ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya mhuri, chini ya jina. Mama Miwani akasogeza pua.

"Nne, moja, saba, mbili."

Nilihisi damu inanirudia mwilini.

"Ile iliyokufa!"

"Ile iliyokufa," alisema. "Na kampuni iliyofutwa haiwezi kumhamisha mtu hata paka wake. Tangazo hili si kitu."

Nilipiga meza kwa furaha mpaka watu wa dirisha namba mbili wakageuka. Siku saba zilikuwa zimefutika! Nilitaka nikimbie nikambebe mama na fimbo yake.

"Ngoja," alisema Mama Miwani. Alibadilisha miwani. "Kampuni imekufa miaka tisa. Wino huu bado unang'aa. Nani alitengeneza mhuri mpya wa maiti?"

Nilishusha macho kwenye tangazo.

"Fundi."

"Naam."

"Nakuuliza tu kama mtu wa kazi. Mhuri huu umetoka kwa nani?"

Ningeweza kumwambia sijui. Mafundi wa mihuri tuko wanne kwenye mtaa ule. Lakini nilikuwa nimeshashusha macho, na macho yangu yalikuwa yameshatua pale penye mkato, upande wa saa tisa.

"Kwangu," nilisema.

Hapa lazima niwaeleze dhambi yetu, sisi mafundi. Sheria iko ukutani, imeandikwa kwenye leseni yangu kwa herufi kubwa: usitengeneze mhuri wa kampuni mpaka uone cheti cha usajili. Na hakuna anayeifuata. Mteja anakuja na karatasi yoyote ya zamani yenye kichwa cha kampuni, tunanakili jina, tunanakili namba, tunachonga, anaondoka. Dirisha la kuulizia liko hatua ishirini. Katika miaka kumi na mmoja sijawahi kuzitembea hizo hatua ishirini.

"Kwa hiyo uliletewa karatasi ya ile ya zamani," Mama Miwani alisema taratibu, "ukanakili namba ya zamani, na huyu bwana akachukua mhuri bila kusoma."

"Hakuna anayesoma mhuri. Watu wanatazama kama upo tu."

"Hilo ni kosa la jela, unajua?"

"Najua."

Akavuta pumzi. Kisha akaniomba nakala ya hati ya kiwanja, ile ambayo Tai aliibandika pamoja na tangazo lake ili kututisha. Akaisoma mara mbili.

"Hati hii ni ya miaka ishirini na mitatu. Kiwanja kilinunuliwa na Tofali Tano. Wakati huo ya Tai haijazaliwa. Mwenye kiwanja ni ile iliyokufa."

"Vizuri! Si ya Tai!"

"Si ya Tai. Lakini kampuni ikifutwa, mali yake iliyobaki inakwenda serikalini."

Ilinichukua muda kumwelewa.

"Nikisema kampuni ya kwenye mhuri ni ile iliyokufa..."

"Nyumba ni ya serikali, na wewe una kesi ya mhuri."

"Nikisema ni ile iliyo hai?"

"Tai ataendelea kudai kwamba yake na ile ya zamani ni kitu kimoja. Nani atambishia, kama wewe umekubali?"

Nilishika ukingo wa dirisha. Mama yangu amekaa kwenye nyumba ile tangu nikiwa mtoto wa shule. Marehemu baba aliijenga kwa tofali alizofyatua mwenyewe uani. Mimi nilidhani kiwanja ni cha baba, basi, kama viwanja vya baba za watu wengine. Sikujua kama baba alikuwa na kampuni hata ya kuuza karanga.

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko moja. Mkurugenzi wa zamani aliye hai aje aombe kampuni irudishwe kwenye daftari. Ikirudi, inarudi na mali yake. Wakurugenzi walikuwa akina nani?"

"Mimi ndiye nakuuliza wewe."

"Kwenye kompyuta hawamo, mafaili ya zamani hayajaingizwa. Nitashuka masjala nilitafute faili lake mwenyewe. Nipe nusu saa."

Nikatoka nje kumweleza mama. Nikasimama mlangoni nimeganda.

Kwenye benchi, pembeni ya mama yangu, alikuwa amekaa mke wangu. Mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mistari ya buluu. Karatasi ya daftari langu.

"Nilijua!" nilifoka. "Nilijua ni wewe! Tangu lini wewe na Tai..."

"Kaa chini," alisema mama.

"Mama, hujui huyu mwanamke ame..."

"Nimesema kaa chini. Yule aliyeagiza mhuri ni mimi."

Nilikaa.

Mke wangu akakunjua ule ukurasa, akaniwekea mapajani. Mwandiko wa kupokea kazi ulikuwa wake, kama siku zote ninapokuwa na foleni. Kwenye jina la mteja palikuwa pameandikwa neno moja tu: *Mama*.

"Asubuhi nilikwambia nani amenipigia simu?" mke wangu aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Rudia nikusikie."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alisema yote akitazama fimbo yake. Baba alianzisha kampuni ya kufyatua tofali, akanunua kiwanja kwa jina la kampuni. Alipofariki, hakuna aliyejua kwamba kila mwaka ofisi inatakiwa kupelekewa taarifa. Mwaka huu mama alisikia kwamba kampuni imefutwa, akaogopa. Akakutana na Tai pale pale langoni. Tai ni wakala wa kujazia watu fomu.

"Akaniambia, mama, usijisumbue. Tunasajili nyingine kwa jina lile lile, hakuna atakayejua tofauti. Wewe utakuwa mkurugenzi. Kwa mhuri nikatoa karatasi ya zamani ya baba yako. Nikamtuma mkwe wangu aupitishe kwako, ulipotoka nikampa yeye."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungekataa."

"Ningekataa kweli!"

"Basi ndiyo sababu. Cheti kilipotoka, jina langu halimo. Yuko yeye peke yake. Nimemlilia miezi miwili. Halafu akaja na futi kamba."

"Na wewe ukaapa humjui."

"Niliona aibu, mwanangu."

Mke wangu alisema, "Aliniomba nisikwambie. Tangazo lilipobandikwa nilijua utafukua daftari, nikauchana. Leo asubuhi nilikuwa nimeamua nikwambie. Ukaniwahi na lile neno lako."

Nimewahi kupigwa na umeme nikitengeneza mashine ya kuchongea raba. Ule umeme ulikuwa na adabu zaidi. Nilimshika mkono, hakuuvuta, lakini hakuufumba pia.

"Mama," nilisema, "karani amesema mkurugenzi wa zamani aliye hai anaweza kuirudisha kampuni. Baba aliwahi kukwambia alianzisha na nani?"

Uso wa mama ukainuka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na mimi, na nani mwingine! Alisema, kampuni hii ni yangu na yako, mke wangu. Alisema ameshaniandika, nisihangaike kuja mjini."

Tukatazamana sote watatu. Kumbe dawa ilikuwa imekaa kwenye benchi muda wote.

Hatujasimama, kivuli kikatuangukia.

"Familia nzima!" alisema Tai. Tai ya leo ilikuwa nyekundu. "Nilisikia fundi yuko dirishani anauliza mambo yangu. Kaka, mbona hukunipigia? Haya tunayamaliza kirafiki."

"Hatuna urafiki."

"Tutakuwa nao." Akatoa karatasi kwenye jalada lake, imeshapigwa chapa. "Namba ya kwenye mhuri imekosewa. Kosa la fundi, mambo ya kawaida. Wewe tia saini hapa kwamba uliteleza, kwamba kampuni iliyokusudiwa ni 90356. Ukishasaini, si kughushi tena, ni kuteleza tu. Unabaki na leseni yako. Mama yako hatajwi popote kwenye mambo ya mihuri. Ukikataa, mimi nitakuwa wa kwanza kwenda polisi kusema nimeuziwa mhuri wa kampuni iliyokufa. Na aliyeuagiza nitamtaja."

Akaniwekea kalamu kwenye vidole.

Nitasema kweli, maana nilianza hadithi hii kwa kuahidi kusema kweli. Niliishika. Nilimwona mama yangu na magoti yake akipandishwa ngazi za mahakama. Nilimwona mke wangu akiulizwa kuhusu ukurasa. Nilijiambia kwamba nyumba ni tofali tu. Ncha ya kalamu iligusa karatasi, na nukta ile nadhani ipo mpaka leo.

Fimbo ikanipiga mkononi. Kalamu ikaruka.

"Rudisha kalamu ya watu," alisema mama. "Mimi ndiye mkurugenzi. Kama ni polisi, nitakwenda kwa miguu yangu. Nitasema mhuri niliuagiza mimi, na nitasema nani alinifundisha."

Tai akacheka. Hakucheka kwa hasira, na hilo lilinitia baridi. Alicheka kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Nenda, mama," alisema. "Nenda kasome faili."

Kwa nini hakuogopa? Swali hilo lilinifuata mpaka dirisha namba tatu.

Mama Miwani alikuwa amesharudi, mikono imejaa vumbi, mbele yake faili la kahawia lililofungwa kwa kamba. Mama alisimama wima kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi. Akajitambulisha kwa jina lake kamili. Akasema amekuja kuirudisha kampuni ya mumewe, na kosa la mhuri ni lake, liandikwe kwa jina lake.

"Vizuri, mama," alisema karani kwa upole. "Nipe kitambulisho nilinganishe na fomu ya waanzilishi."

Akafungua kamba. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole chake kikashuka kwenye majina. Kikasimama. Kikapanda juu, kikashuka tena.

"Wakurugenzi ni wawili," alisema. Akasoma jina la baba yangu.

Kisha akasoma jina la mwanamke.

Halikuwa la mama.

"Soma tena," alisema mama.

Akasoma tena. Jina lile lile, saini yake pembeni, nzuri, ya mtu aliyezoea kalamu.

"Labda ni karatasi ya kampuni nyingine," nilisema. "Angalia namba."

"4172. Ndiyo yenyewe, fundi. Hii ndiyo kampuni sahihi."

Miaka ishirini na mitatu mama amefagia ule ua kila asubuhi. Sasa alikuwa ameshika ukingo wa dirisha pale pale nilipokuwa nimeshika mimi, na mke wangu alikuwa amemshika kiunoni asianguke. Nilimchukia baba yangu, na sikujua nimpelekee wapi hiyo chuki, maana kaburi halijibu.

"Mama, unamjua huyu?" nilimwuliza.

Alikuwa anaitazama ile saini.

"Mimi namjua," alisema Mama Miwani. Alivua miwani, zote, na bila miwani alionekana mwenye hofu. "Anakuja hapa mara moja kila mwaka. Hakuwahi kusema kwamba ni mkurugenzi, huuliza swali moja tu: kuna mtu yeyote ameomba kulifungua faili hili? Namwambia hakuna, anashukuru, anaondoka. Mwaka huu amekuja leo asubuhi, nilipofungua dirisha tu. Safari hii hakuondoka. Alisema atasubiri hapo nje."

"Nje wapi?"

"Kwenye kibanda cha mihuri."

Niligeuka. Kupitia mlango ulio wazi, nje ya lango, niliuona mwavuli wa buluu umesimama pale pale nilipouacha, na Tai ameinama anaongea na mwenye mwavuli.

Nilitaka kumwambia mama akae, nitangulie mimi. Lakini fimbo yake ilikuwa imeegemezwa dirishani, na mama mwenyewe, kwa magoti yale mabovu, alikuwa ameshafika langoni.